Bastola za Jakaranda

Jumapili, 5 Oktoba
Henry Kinuthia amekuja leo baada ya ibada, hata kabla sijafungua kitambaa cha kichwa. Henry ndiye mwenye ile kwari ya zamani, machimbo ya mawe hapa Katelembo, ambayo tangu mwaka jana ameigeuza uwanja wa shabaha na kuupatia vibali vyote. Sasa anataka darasa. Wafanyabiashara na wakulima waliopewa ruhusa ya kubeba bastola chini ya nguo watakuja kila Jumamosi wafundishwe, na mwalimu anayemtaka ni mimi. Nilifundisha silaha magereza miaka yote ya kazi yangu, na tangu nistaafu nimefundisha kuku tu.

"Vifaa nakuachia wewe, Mwalimu Kasyoka," akasema. "Chagua chenye unataka. Bora tu kikae kitu ya ukweli. Hawa watu hawawezi kuja huku kote kushika toys."

Nilikubali haraka mno. Nilichoka kuitwa mama wa mayai.

Mbegu za kunde ziko tayari ndani ya debe. Mawingu hakuna.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeangalia video tatu na kusoma kitabu kimoja, vyote Henry alivitoa kwenye intaneti, vyote vya ng'ambo. Nyumba zina zulia mpaka kwenye ngazi. Mwizi anavunja kioo, mwenye nyumba anapiga simu, polisi wanafika kabla chai haijapoa. Hakuna mbwa, hakuna mabati, hakuna jirani anayeingia kwa mlango wa jikoni bila hodi kuomba chumvi. Nimevitupa vyote isipokuwa zoezi moja la kile kitabu: mtu wa nyumbani anajifanya mwizi, anaingia ghafla, na mwanafunzi anachomoa bastola ya bandia. Hilo limenipendeza sana. Mkono unafaa ujifunze mahali unapoishi, na nimelinakili kwa Kiswahili chepesi niwagawie.

Jumamosi, 11 Oktoba
Henry ameleta shabaha. Eti ni mabango yaliyobaki ya uchaguzi, ya mtu mmoja aliyeshindwa, rundo zima, karatasi nzuri ngumu. Nikamuuliza kama anajua huyo bwana anaishi wapi. Akasema anajua, ni kule tu nyuma ya soko. Nikamwambia mimi sifundishi watu kulenga jirani. Ameyarudisha kwenye gari akinung'unika. Tutatumia duara za kawaida.

Jumanne, 14 Oktoba
Leo nimekwenda Wamunyu, kwa Nzuki mchongaji. Bastola za bandia za mpira hazipatikani kwa urahisi, na Nzuki huchonga chochote ukimwonyesha picha. Nilimpelekea picha na vipimo, akaketi chini ya mabati yake katikati ya twiga na vifaru wa mbao ambao hawajapata masikio, akaigeuzageuza karatasi.

"Jakaranda," akasema. "Halafu naipaka rangi ya viatu nyeusi mpaka iwe kama mpingo. Mzungu mwenyewe hajui tofauti."

Nikamwambia nataka uzito uwe sawa na wa ile ya kweli. Akasema atatoboa mpini na kusukuma kipande cha nondo ndani. Hapo nikafurahi. Kisha tukafika kwenye triga, ile ya kufyatulia, na tukagombana.

"Mwaitu, mama, mimi huchonga kipande kimoja. Sipigi msumari, siweki gundi. Hii triga ni nyembamba, mtu akiivuta mara mbili inakatika, halafu unanirudia hapa na maneno. Nitaacha mbao hapo, ijae. Kidole kitalala kando."

"Watacheka, Nzuki."

"Wacha wacheke. Wakimaliza watashika."

Nilipokuwa narudi nyumbani nilianza kuona kwamba ni afadhali. Kidole kikose pa kuingia, kilale kando ya bastola, kizoee. Nitajifanya ilikuwa fikira yangu.

Ala za ngozi nimeagiza kwa fundi wa Kinanie, zote za aina moja, nyeusi. Kila mwanafunzi atapata mbili zinazofanana kabisa, moja ya bandia na moja ya bastola yake ya kweli akishaipata, ili mkono usijue tofauti.

Jumatatu, 20 Oktoba
Joto. Kunde nimezipanda kwenye vumbi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Darasa la kwanza. Wanafunzi watano. Wa kutajwa ni wawili.

Bartholomew Mutiso, mzee wa kanisa, mfugaji wa kuku wa kisasa Kinanie, kifua mbele. Anajua kila kitu. Kabla sijamaliza sentensi yeye ameshaimaliza, na ameimaliza vibaya.

Wambura, mama wa duka la jumla Ekalakala, ambaye yeye na mumewe walihamia Yatta wakiwa vijana, kisha wakahamia Ekalakala. Mwaka jana waliingiliwa na wezi, wakafungwa kwa kamba za magunia wakalazwa juu ya mchele. Anapoongea anatazama viatu vyake. Nilipompa bastola ya Nzuki alitetemeka mpaka ikamtoka ikaanguka, na ni mbao tupu. Nikasema moyoni, huyu atarudi nyumbani kabla ya Krismasi.

Walicheka, kama nilivyosema. "Mwalimu, triga iko wapi? Hii imezibwa kama pua yenye homa," Bartholomew akasema. Kisha wakaona mikono yao. Ile rangi ya viatu inatoka. Wote watano walikuwa weusi viganjani, na Wambura alishika leso yake ya kanisani kabla hajajua. Aliitazama ile leso kwa huzuni, na mimi nikacheka, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Jumatatu, 27 Oktoba
Imenyesha! Kutoka saa tisa hadi giza. Nilisimama uani nikalowa kwa hiari yangu.

Jumamosi, 1 Novemba
Nimewagawia zoezi la nyumbani. Asubuhi na jioni, mtu wa nyumbani aingie ghafla, useme "Simama!", uchomoe, kidole kando. Kwa bandia tu. Nimelisema hilo la bandia mpaka sauti ikakwama.

Mvua.

Jumamosi, 8 Novemba
Sikuamini macho yangu. Wambura amechomoa leo vizuri kuliko wote. Mkono ulipita chini ya sweta, ukatoka, ukanyooka, kidole kimelala kando kwa utulivu. Sauti ya "Simama!" ilitoka tumboni. Hata Bartholomew alinyamaza.

Siri yake alikuja nayo. Ni mumewe, Macharia, mtu mnene mwenye kucheka, ambaye kila Krismasi huwa Herode katika igizo la kanisani kwao, na sasa amepata mchezo wa mwaka mzima. Akatuonyesha mbele ya darasa zima anavyoingia kwake kwa mlango wa nyuma, kofia machoni, sauti ya kutisha: "Mama, toa pesa! Lala chini!" Na Wambura, bila kufikiri, akachomoa na kumlenga kifuani, pale penye kifungo cha pili.

"Mara ngapi kwa siku, Baba?" nikauliza.

"Ah, Mwalimu, mimi ni marehemu wa kila siku. Sijui kama nitafika mbinguni, nimekufa sana."

Tulicheka wote. "Lakini rangi, Mwalimu," Wambura akasema, na safari hii alinitazama usoni. "Imenichafulia mifuko yote ya sukari. Wateja wananiuliza kama nauza makaa."

Nikamwambia avumilie, itakauka. Ninajivunia sana huyu mama. Nilimhukumu mapema.

Jumatano, 12 Novemba
Bartholomew ameitoa ile ya mbao katikati ya kikao cha ujenzi wa kanisa, eti kuwaonyesha anavyolinda hazina ya Mungu. Katibu aliruka dirishani akaumia goti. Nimempigia simu nikamfokea. Alinijibu kwa upole wa mtu aliyefurahi.

Jumamosi, 15 Novemba
Henry anataka triga. Wanafunzi wanne wamemlalamikia. Wanasema hawahisi kitu, wanasema ni kama kufundishwa kuendesha gari lisilo na klachi. Amepata fundi wa vyuma mjini aliyetoboa bastola za akiba za Nzuki, akatia msumari na springi, na sasa ukiivuta inalia tik. Amenionyesha moja. Tik. Tik.

"Nzuki akiona atakasirika," nikasema.

"Mwalimu, customer ndiye anajua. Wewe si ulisema mkono ujifunze? Basi ujifunze yote."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, kuhusu kidole na mazoea, na jinsi nilivyoona mtu mzima magerezani akifyatua kwa sababu mkono wake ulishapita kabla ya akili. Lakini Henry alikuwa ameshika springi ile kwa furaha kama mtoto, mvua ilikuwa inakuja, na mimi nimeipenda hii kazi. Nikasema sawa, bora sheria ya nyumbani ibaki ni bandia tu. Tutabadilishana Jumamosi ijayo: walete zile zilizozibwa, wapewe zenye triga.

Nimeketi hapa naandika na sijisikii vizuri.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua ya kutisha. Wanne wamekuja, wamebadilisha. Wambura hakufika. Mto umefunika daraja upande wa kwao, na simu yake haipatikani. Henry ameweka kando ile yenye triga ambayo angepewa Wambura, imefungwa kwenye gazeti.

Darasa zima lilikuwa tik, tik, tik. Nilipowapa mapumziko, waliendelea huku wakinywa chai. Bartholomew alimlenga mwenzake kwa utani, akavuta. Tik. Nikamnyang'anya kikombe nikamtoa nje kwenye mvua asimame huko. Ni mzee wa kanisa, lakini alisimama.

Jumanne, 25 Novemba
Wambura amenipigia simu asubuhi. Duka la tatu kutoka kwao limeingiliwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna aliyesikia chochote. Walikata paa, wakashuka, wakamvunja mwenye duka mkono.

"Na Mwalimu, barua yangu ya kununua imekubaliwa. Nachukua bastola yangu kwa muuzaji kesho. Baba Njambi, huyu Macharia wangu, anasema niiweke tayari tayari."

"Tayari vipi?"

"Yaani iwe tu."

"Wambura. Risasi zikae kando na bastola ikae kwa sefu. Sivyo nilivyokufundisha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alisema ndiyo kwa sauti ya yule mama wa zamani, aliyekuwa akitazama viatu. Sikuipenda.

Jumamosi, 29 Novemba
Wambura amefika na bastola yake, na karatasi zote sawa. Amefyatua kwenye shabaha, mkono imara, kidole kikiingia kwenye triga pale tu niliposema kiingie, na kutoka tena. Nilimuuliza ile ya mbao. Ameisahau nyumbani. Nikamwambia ailete tubadilishe. Akasema, "Mimi hiyo yangu nimeizoea, Mwalimu. Na Baba Njambi pia ameizoea, maskini."

Ana ala zake mbili zile za Kinanie. Alizichomeka zote kwenye kibeti, moja ina ya kweli, nyingine tupu ikingojea ile ya mbao. Niliziona zikiwa pamoja. Sikuweza kujua ni ipi, na mimi ndiye niliyeziagiza.

Jumatano, 3 Desemba
Stima imepotea, ni giza Machakos, Yatta, Masinga, kote. Kunde zimeanza kuoza mizizi kwa maji. Magugu tu ndiyo yananishukuru.

Jumamosi, 6 Desemba
Hakuna darasa, kwari imejaa maji. Nimeshinda ndani nikizifikiria zile ala. Uzito uleule, rangi ileile, ngozi ileile. Kila kimoja nilikichagua mimi, na kila kimoja nilikisifu. Henry anasema mimi ni mwalimu wa kwanza aliyewahi kuogopa kazi yake nzuri. Labda.

Nimeamua kwenda kukagua sefu za wanafunzi wote kabla ya kutia sahihi vyeti. Nitaanza na Ekalakala, stima ikirudi na mto ukishuka.

Jumanne, 9 Desemba
Nimerudi. Nitaandika yote leo, kwa sababu kesho nitaanza kujiambia kwamba haikuwa mbaya sana.

Nilifika Ekalakala asubuhi. Mto umeshuka, daraja lina matope tu. Duka lao liko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati kuna ua wenye pipa la maji lililofurika. Macharia ndiye aliyenipokea, aproni kiunoni, akinizungushia mikono kama askofu.

"Karibu, Mwalimu, karibu uone maiti inayotembea! Jana peke yake huyu mama ameniua mara tatu. Asubuhi, saa za kufunga duka, na nilipotoka chooni, na hiyo ya choo haikuwa kwa mkataba!"

Nilicheka. Nataka ibaki imeandikwa kwamba nilicheka, na nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikapewa chai.

Wambura alikuwa kaunta akipima sukari na kuifunga katika mifuko ya khaki. Amenawiri, anaongea na wateja kwa sauti, anamkaripia mtu wa mkate. Nilimwangalia na kufurahi. Alipomaliza akaniletea mfuko mmoja wa sukari kuwa zawadi, akauweka mapajani pangu. Ulikuwa mweupe kote, msafi. Niliugeuza mara mbili kabla sijajua ninatafuta nini.

"Ile rangi umeiosha?" nikauliza.

"Wapi! Imeacha yenyewe. Ni kweli ulivyosema, imekauka. Tangu ile wiki stima ilipotea, saa hii hata haichafui mkono."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Macharia aliacha kumimina chai.

Rangi ya viatu haikauki kwa mvua. Kwa mvua inalainika na kutoka zaidi. Wanafunzi wengine wanne wote bado wanalalamika.

"Iko wapi sasa?" nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Si hii hapa," akasema, na mkono wake ukaanza kwenda chini ya kitenge, kule kiunoni, kwa ule wepesi niliomfundisha.

"Wambura, inua mikono. Usiiguse. Inua mikono yote."

Aliinua. Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni alikimbia na kuacha maziwa yake. Nilisimama nyuma ya Wambura, nikafunua kitenge, nikaivuta ikiwa ndani ya ala yake. Ilikuwa na uzito uleule, kama nilivyoagiza. Nikaichomoa nikielekeza mdomo wake kwenye gunia la maharagwe. Ilikuwa baridi. Pale triga ilipo hapakuwa na mbao. Nikatoa magazini ya risasi. Nikaikoki, na risasi ikatoka kwenye chemba, ikaruka, ikagonga kaunta, ikabiringika mpaka kwenye mizani ya sukari ikatulia hapo.

Wambura bado alikuwa ameinua mikono.

Macharia ndiye aliyekwenda kufungua sefu, nikimfuata. Ile ya Nzuki ilikuwa ndani, katika ala yake, juu ya hati ya plot, na hati ilikuwa na alama nyeusi za rangi ya viatu. Akaanza kueleza, akiutazama ukuta. Ile siku stima ilipopotea zote mbili zilikuwa juu ya meza, wakati wa kufunga duka. Mkewe alimwambia, weka ile kitu kwa sefu. Akapapasa, akachukua moja, akaiona ni nzito, akasema hii ndiyo yenyewe, akaifungia. Iliyobaki Wambura akaivaa.

"Na risasi?" nikauliza. "Nani alitia risasi?"

"Mimi," Wambura akasema kutoka mlangoni. Mikono ilikuwa bado juu. "Baada ya jirani kuvunjwa mkono. Nilijua utakataa, Mwalimu."

Tangu Jumatano. Asubuhi na jioni. Na ile ya choo.

Macharia aliketi juu ya kreti ya soda. Yule mtu mnene mwenye kucheka alishika kifua chake, kile kifungo cha pili, akakizungusha vidoleni mpaka uzi ukakatika kikabaki mkononi mwake.

"Mbona haikulia?" akaniuliza. "Mwalimu, alinilenga kabisa. Mbona haikulia?"

Nikamwomba Wambura ashushe mikono, asimame pale, anionyeshe anavyofanya kwa mkono mtupu. Alikataa kumwelekea mumewe. Akaelekea ukutani, kwenye kalenda ya kanisa. Mkono ukapita chini ya kitenge, ukatoka, ukanyooka. Kidole kilikuwa kimelala kando, kimenyooka, hakina habari ya triga. Hakijawahi kuikuta nyumbani. Alichofanyia mazoezi hapa wiki zote hizi kimezibwa mbao, na kidole kimejifunza kwamba hapo si mahali pake mpaka mwalimu aseme.

Wambura alikitazama kidole chake mwenyewe, kisha akakaa sakafuni katikati ya mifuko ya sukari akalia. Macharia alishuka kutoka kwenye kreti akakaa naye. Alimwita Wambura, jina lake, wala si Mama Njambi.

Wakanishukuru. Hilo ndilo lililoniumiza. Walinishika mikono wakasema Mungu alinituma, wakasema ni mafunzo yangu yaliyomwokoa. Niliwaacha waseme kwa muda, halafu nikawaambia ukweli. Triga ilizibwa kwa sababu Nzuki hapigi misumari. Mimi mwenyewe nilikubali iondolewe hiyo mbao, na kama mto usingejaa ile Jumamosi, Wambura angekuwa amebadilishiwa, angekuwa na ile ya tik, na kidole kingekuwa kimeshajua njia. Nimesema hivyo hivyo. Macharia akaachilia mkono wangu.

Bastola tumeipeleka kituo cha polisi, wote watatu, waitunze mpaka Wambura aamue. Nimerudi na ile ya mbao. Imenichafua mkono hadi kwenye mkunjo wa kiwiko.

Jumatano, 10 Desemba
Nimezunguka siku nzima. Wanne wale. Wawili wamenipa bila swali. Wa tatu alitaka kuibakisha kwa kumbukumbu, nikamwambia kumbukumbu atapewa picha.

Bartholomew nilimkuta nyumbani kwake Kinanie. Mkewe, Kavindu, alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni na beseni la mahindi. Bila kugeuka vizuri mzee akachomoa. Tik. Kavindu hata hakupepesa, akaendelea kupita na beseni lake.

"Ameshazoea," Bartholomew akaniambia kwa fahari. "Na ile yangu halisi naichukua Jumatatu."

Nikamwomba aketi. Nikamwita na Kavindu aketi. Nikasimulia habari ya Ekalakala kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilipofika kwenye ile risasi kando ya mizani, Kavindu aliweka beseni chini, akanyoosha mkono kwa mumewe, kiganja juu, akangoja. Mzee akampa ile ya mbao. Kavindu akanipa mimi.

"Na ya Jumatatu haitakuja hapa," akamwambia mumewe. "Aiya. Kuku na wachukuliwe na wezi."

Nimezichoma zote tano jioni hii nyuma ya banda, pamoja na ile iliyokuwa kwenye gazeti kwa Henry na zile nne zilizozibwa. Jakaranda iliungua polepole, ikitoa moshi wa rangi ya viatu. Zilibaki nondo, misumari na springi. Nimezizika mbali na kunde.

Jumamosi, 20 Desemba
Henry amekuja na bango jipya la kutangaza darasa la Januari. Amepata habari. Ameandika kwa herufi kubwa kwamba mafunzo yetu yameokoa maisha ya familia moja Ekalakala. Watu wameshajiandikisha wengi, anasema hajawahi kuona. Ananitaka nichague vifaa vipya, anataka na ile hadithi niiweke kwenye kijitabu.

Nilimwambia sifundishi tena, na kwamba akibandika bango hilo nitasimama chini yake siku nzima ya soko nikisema lililotokea. Alisema nimechoka, nipumzike Krismasi, tutaongea. Atapata mwalimu mwingine. Ameshaagiza bastola za bandia kutoka ng'ambo, za mpira, triga zote zinavutika. Alipoondoka nilimwonea hasira, kisha nikajionea hasira zaidi, kwa sababu yote anayoagiza nilimfundisha mimi kuyataka.

Wambura amenipigia simu baadaye. Hawajaichukua bastola kituoni. Mvua imeisha kwao, mahindi yamekaza. Mwaka huu Macharia amekataa kuwa Herode, wamempa mtu mwingine kofia.

Nikamuuliza anaendeleaje, mumewe.

Kisha akaniambia kwamba siku hizi akitoka shambani au chooni, hata mchana kweupe, Macharia husimama ng'ambo ya lile pipa la maji, kwenye ua wa nyumba yake mwenyewe, na kupiga hodi. Wambura humjibu karibu, na bado haingii. Anapiga hodi mara ya pili, anataja jina lake lote, anangoja mkewe atoke mlangoni mikono ikiwa wazi, ndipo anakuja.